Ncha ya Pili ya Shuka

Shuka la kitanda kikubwa likishalowa, halikamuliwi na mtu mmoja. Jaribu uone. Utakamua pembe hii, utakamua katikati, na maji yatabaki humo humo yakikucheka. Shuka linataka watu wawili. Mmoja ashike ncha hii, mwenzake ashike ile, kisha wasokote mpaka tone la mwisho lianguke.

Mimi na mume wangu tumekamua hivyo miaka kumi na tisa. Sisi ni madobi. Nyumba tatu za wageni hutuletea mashuka kila asubuhi, na kabla jua halijapanda yanakuwa yameshalowekwa, yamefuliwa na kusuuzwa. Uwani kwetu kuna karai nne kubwa, mabomba mawili, kamba ndefu na nguzo ya chuma ya kushikilia kamba. Ndani kuna meza ya kupigia pasi. Mume wangu mtaani wanamwita Bwana Pasi, maana hata fulana yake ya ndani ina mstari. Mimi wananiita mke wa Bwana Pasi, na nimeshazoea.

Nikwambie ukweli, mambo yetu yote tumeyazungumzia kwenye shuka. Yeye huku, mimi kule, maji yanatiririka katikati. Posa ya binti yetu tuliijadili hapo. Msiba wa mama yangu aliniambia hapo, na hakuachia ncha yake mpaka nilipomaliza kulia.

Lakini alikuwa na mtindo wake. Alikita miguu chini kama mti, hakuisogeza hata kidogo, akasokota kwa kiuno tu. "Wanaume tunakamua kwa kiuno," alikuwa akisema. "Nyinyi mnakamua kwa vidole." Nami namjibu, "Haya, kiuno hicho siku moja kitakuomba talaka."

Mdomo huumba. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza mablanketi mawili mazito. Akainama kuchukua karai iliyojaa mashuka mabichi. Magoti hakuyakunja. Aliinyanyua, na hapo hapo akajipinda aiweke upande wa pili.

"Kah!"

Karai ikaanguka, mashuka safi yakamwagika matopeni. Yeye akabaki ameinama vile vile, jasho linamtoka usoni.

"Acha utani wako," nilisema.

"Si utani, mke wangu. Nimepigwa na kitu mgongoni. Kimeshuka mpaka mguuni kama umeme."

Wifi yangu alifika kabla ya adhuhuri. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mtu mwenye moyo mzuri na sauti ya kengele. Alikuja na mkeka chini ya kwapa.

"Mgongo haujadiliwi," alisema. "Mgongo unalazwa. Alale sakafuni chali, asisogee. Chakula aletewe, maji aletewe. Asikanyage chini mpaka maumivu yaishe yote."

"Yote, wifi?"

"Yote!"

Tukamlaza. Siku ya kwanza alishukuru. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Maumivu ya mgongo yalipungua kidogo, lakini yale ya mguu wa kushoto yalizidi. Yalianzia takoni, yakapita nyuma ya paja, yakaishia nje ya mguu karibu na kidole kidogo. Akikohoa anapiga kelele. Na kila alipojaribu kukaa, mwili ulikuwa mzito na mkavu kama nguo iliyosahauliwa kambani. Basi alirudi kulala. Wifi akasema, "Mmeona? Bado hajapumzika vya kutosha."

Mimi huku nje nilifua peke yangu. Nilifunga ncha moja ya shuka kwenye bomba, bomba likang'oka. Nilimwomba wifi ashike, akashika kama anayeshika mkia wa paka. Mashuka yalikauka kwa kuchelewa, nyumba moja ya wageni ikaanza kunung'unika. Lakini si hilo lililokuwa likinikosesha raha. Kilichoniumiza ni neno alilolisema mume wangu wiki ya tatu, huku anatazama dari.

"Mke wangu, tafuta mtu wa kushika ncha ile. Mimi nimekwisha."

"Nani kasema?"

"Mguu umeanza kufa. Kutoka kwenye shavu la mguu mpaka kidole kidogo, ganzi tupu. Mtu huanza kupooza hivi hivi."

Nilitoka nikaenda kujifuta uso kwa shuka la watu. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na sikujua kufanya kazi hii bila yeye. Sikujua hata kuzungumza vizuri bila shuka katikati yetu.

Sasa sikiliza kosa langu. Ningeweza kulificha, lakini nalisema ili mwingine asilifanye.

Kila mtu alisema mgongo na mguu vinataka joto. Na joto lolote, nani analijua kuliko dobi? Wengine wangetumia maji ya moto ndani ya chupa. Mimi niliona hiyo ni kazi ya watoto. Nilichukua pasi. Nikaipasha kiasi cha nguo za hariri, nikaigusa kwa kidole kilicholowa kama ninavyofanya siku zote, nikasikiliza mlio wake. Nikakunja taulo bichi mara nne, nikalitandika juu ya shavu la mguu wake, nikapitisha pasi taratibu.

"Unasikia joto?"

"Bado."

Nikakunjua kunjo moja. "Sasa je?"

"Sisikii kitu. Ongeza."

Nikaongeza. Nikapitisha tena na tena. Mvuke ukapanda, chumba kikanuka nguo mbichi. Nilijisifu moyoni. Nilisema leo ganzi itakoma. Kisha nikainua taulo.

Ngozi ilikuwa nyekundu. Katikati palikuwa na malengelenge mawili, na pembeni alama ya ncha ya pasi, wazi kabisa, kama nilivyowahi kuiona kwenye shati la mteja nikaomba radhi wiki nzima.

Mume wangu aligeuza kichwa. "Mbona umeacha?"

Hakuwa amesikia chochote.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. Jirani yetu, fundi tairi, aliruka ukuta mdogo, mikono yake myeusi kwa kazi. Wifi akaja mbio na dawa ya meno.

"Weka hiyo chini!" fundi tairi alimfokea wifi. "Dawa ya meno ni ya meno. Leteni maji. Maji safi ya bombani, ya kutiririka."

Maji hayakuwahi kukosekana kwetu. Tulimtoa nje tumembeba watu watatu, tukamkalisha kwenye kiti chini ya bomba. Maji yalitiririka juu ya mguu dakika ishirini nzima, fundi tairi akihesabu kwa saa yake. Hakupaka mafuta, hakutumbua lengelenge. Baadaye alifunika kwa kipande cha kitambaa safi, na hicho hakikuwa taabu kupatikana.

"Maji ni baridi?" nilimwuliza mume wangu. Nilikuwa nalia.

"Maji gani?" alijibu.

Fundi tairi aliniangalia. Hakunitania, na yeye ni mtu wa utani hata makaburini. Alisema, "Shemeji, hili si la taulo wala mkeka. Mimi nilinyanyua gurudumu la lori miaka minne iliyopita, nikapata hayo hayo. Twende kituo cha afya. Pale kuna binti wa mazoezi ya viungo aliyenisimamisha mimi."

Tulikwenda na gari la mteja wake. Wifi naye alipanda, na mkeka wake.

Kidonda kilisafishwa kwanza. Kisha daktari alimpima mgongo na miguu, akatuingiza kwenye chumba chenye kitanda kirefu na mipira mikubwa. Binti mwenyewe alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa mipana kama ya dobi. Nikampenda papo hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue sana. Mimi nimekwisha."

"Ngoja tuone kilichokwisha," alisema. "Nitakuuliza maswali ya aibu. Nijibu kweli. Mkojo unautoa vizuri? Unakutoka bila kujua, au unakataa kutoka?"

Mume wangu alimtazama dada yake, akatazama ukuta. "Natoa vizuri."

"Haja kubwa?"

"Vizuri."

"Ganzi iko sehemu za siri, au pale unapokalia?"

"Mwanangu!"

"Mzee, swali hili ni muhimu kuliko yote. Iko?"

"Haiko. Iko mguuni tu, chini."

Yule binti alishusha pumzi, nami nikashusha. Alituambia sababu. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kukojoa, au mkojo na haja zikimtoka, au ganzi ikimpata katikati ya mapaja, asingoje kesho. Aende hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Pia kama mguu unazidi kulegea, au miguu yote miwili imeshikwa, au mgongo unauma na mtu ana homa, au ameanguka vibaya. Hayo si ya kulala nayo nyumbani.

Kisha akampima. Alimwambia asimame kwa visigino, halafu kwa vidole. Kwa vidole mguu wa kushoto ulitetemeka kidogo. Alimgusa kwa pamba, akamgusa kwa kijiti, mume wangu amefumba macho. Sehemu moja alisema "nasikia", nyingine alinyamaza.

"Haya," alisema. "Mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa, mmoja juu ya mwingine. Inaitwa pingili. Kati ya pingili na pingili kuna kipande kama mto mdogo. Nje kigumu, ndani laini. Ndiyo diski. Inatusaidia kuinama na kugeuka. Diski yako moja imevimba ikatokeza pembeni, inabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni."

"Tairi!" fundi tairi alidakia mlangoni. "Tairi likichoka ubavuni linatoa nundu. Nilikwambia mimi!"

"Hukuniambia chochote," mume wangu alisema.

"Basi nakwambia sasa."

Binti alicheka. "Ni hivyo, ila kuna tofauti moja nzuri. Tairi lenye nundu halijirudi. Mwili hujirudi. Mara nyingi ule uvimbe hupungua wenyewe."

Mume wangu hakucheka. Alishika ukingo wa kitanda. "Mwanangu, niambie bila kunizunguka. Nitapooza?"

Hata wifi alinyamaza, na hilo si jambo dogo.

"Kwa nilivyokupima leo, sioni dalili hiyo," alisema. "Nguvu za mguu zipo, zimepungua kidogo. Watu wengi wenye tatizo kama lako hupata nafuu bila kupasuliwa, ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Maumivu hutangulia kuondoka. Ganzi huwa mvivu, huchelewa. Wachache huhitaji upasuaji, na tutajua ukiwa miongoni mwao kwa kukupima mara kwa mara. Siku kamili siwezi kukuahidi. Lakini kulala wiki tatu kumekurudisha nyuma."

Nilimtazama wifi. Wifi alitazama dari.

"Siku moja mbili za kupumzika si vibaya," binti aliendelea. "Zaidi ya hapo misuli inayoshika mgongo inalegea. Mgongo unataka mwendo. Si mwendo wa kushindana, mwendo wa kiasi. Leo utatembea kutoka hapa mpaka lango. Kesho mara tatu uwani kwako. Dawa ya maumivu daktari amekuandikia, uimeze ukishakula, kama alivyoelekeza. Usiongeze nyingine za dukani, zitakutoboa tumbo."

"Na joto?" niliuliza.

Alinishika mkono. "Joto la kiasi linasaidia misuli ya mgongo, mama. Lakini siku zote lipimwe na ngozi inayosikia, kwa mkono wako wewe. Ngozi yenye ganzi haiwezi kukuonya. Usiweke kitu cha moto juu yake, hata maji ya moto. Na pasi ibaki kwenye nguo."

Wote walicheka, mimi nikalia, halafu nikacheka.

Baada ya siku nne yule binti alikuja nyumbani kwetu. Alisema hawezi kutibu mgongo wa dobi bila kuona anavyofua. Akakaa kwenye ndoo, akaniambia nifanye kazi kama kawaida. Mimi nikafua nikiona haya, kana kwamba nafanya mtihani.

"Kwa nini karai ziko chini?" aliuliza.

"Zimekuwa chini tangu zamani."

"Na migongo yenu inauma tangu lini?"

Nikajishika kiuno. Mgongo wangu pia ulikuwa ukiuma kila jioni, ila nilidhani ni umri.

Tukazipandisha. Fundi tairi alileta magurudumu mabovu, tukayapanga na kuweka mbao juu yake, karai zikafika usawa wa kiuno. Meza ya pasi tuliinyanyua kwa matofali mawili kila mguu. Karai haibebwi tena ikiwa imejaa. Nusu tu, mara mbili. Na kubeba kuna namna yake: unausogelea mzigo, unakunja magoti, unaukumbatia karibu na tumbo, unasimama kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, unageuza nyayo kwanza, mwili unafuata.

"Na kukamua?" nilimwuliza. Hili ndilo nililoliogopa.

Alichukua shuka bichi, akalizungusha kwenye nguzo ya chuma. Ncha zote mbili akazishika pamoja, akasokota kwa mikono, huku miguu inapiga hatua. Maji yakamwagika. Mtu mmoja na nguzo, basi.

Nilifurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Mume wangu alikuwa kwenye kiti mlangoni. Alisema, "Miaka kumi na tisa, kumbe kazi yangu inaweza kufanywa na chuma."

"Na hiki hakijisifu kwa kiuno," nilimjibu. Lakini moyo uliniuma, kwa maana niliona uso wake.

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya pili ya mazoezi alitembea mpaka kona ya mtaa na kurudi. Wifi ndiye aliyemsindikiza. Ndiyo, yule yule wa mkeka. Sasa alikuwa amegeuka askari wa mazoezi. "Inua kifua! Hatua! Mgongo haujadiliwi!" Asubuhi alimsimamia alale chali, akunje magoti, ainue kiuno taratibu, kisha alale kifudifudi ajiinue kwa viwiko. Zoezi lililosukuma maumivu kushuka mguuni waliliacha, kama walivyoelekezwa. Lililoyarudisha juu mgongoni waliliendeleza.

Wiki ya tano akajiona simba. Nilikuwa dukani kununua sabuni. Niliporudi nikamkuta amepiga magoti kando ya karai iliyojaa, ameuma midomo.

"Nilitaka nikufurahishe," alisema.

"Umenifurahisha sana. Tazama nilivyofurahi!" Nilimsema mpaka fundi tairi akazima mashine yake asikilize. Kisha nikachoka, nikakaa chini kando yake. Nikamwambia lile nililokuwa nimelificha. "Mimi sikuhitaji ubebe karai. Nguzo inakamua, ni kweli. Lakini nguzo sina la kuiambia. Nataka wewe uwepo hapa. Ukijivunja, nitaongea na nani?"

Aliifuta mikono yake kwenye fulana. "Nilidhani mtu asiyebeba hana faida," alisema.

"Umekosea. Sasa simama, polepole."

Tulirudi kwa binti. Hakumgombeza. Alisema kurudi nyuma kidogo ni kawaida, akampima tena, nguvu za mguu zilikuwa pale pale. Akapunguza mazoezi siku tatu, kisha wakaanza upya. Tangu siku hiyo mume wangu aliheshimu nusu karai kama sheria.

Kazi tuliigawa. Mimi nafua na kukamua kwa nguzo. Yeye anapiga pasi amesimama, mguu mmoja juu ya tofali, na kila nusu saa anaiacha pasi, anatembea uwani mara mbili. Kukunja mashuka tunakunja pamoja, maana nguzo haijui kukunja. Yeye ncha ile, mimi ncha hii. Tunakutana katikati, ananikabidhi pembe zake. Posa ya binti wa pili tumeanza kuijadili hapo.

Maumivu ya mguu yaliisha karibu na wiki ya kumi. Kidonda cha pasi kilipona, kikaacha kovu lenye ncha. Ila ganzi ilibaki. Kila Jumamosi nilimgusa nje ya mguu kwa pamba, kama yule binti wa mazoezi alivyonifundisha, naye alifumba macho akanyamaza. Sikumwambia kuwa baada ya kila Jumamosi nilikwenda nyuma ya kamba nikajililia. Mshipa sikuubana mimi, hilo nalijua. Lakini kovu ni langu.

Basi, asubuhi moja nilikuwa nakamua shuka kwenye nguzo. Alikuja kusimama karibu yangu, peku, kikombe mkononi, ananisimulia habari za mtu aliyeleta suruali yenye mfuko uliojaa misumari. Nikasokota kwa nguvu. Maji yakaruka, yakamwagikia mguu wake wa kushoto.

"We! Yana baridi!" alipiga kelele, akaruka nyuma, chai ikamwagika.

Nilifungua mdomo kumwomba radhi. Sikuiomba. Tulitazamana, tukautazama mguu. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya kovu, yakashuka mpaka kidole kidogo.

"Yana nini?" nilimwuliza.

"Baridi," alisema taratibu. "Mke wangu, yana baridi kweli."

Wifi alikuwa anaingia langoni kumchukua kwa matembezi. Alitukuta tumeshikana, shuka liko matopeni, akauliza kuna msiba gani. Niliinama kwenye ndoo, kwa kukunja magoti kama tulivyofundishwa, nikachota maji kwa viganja viwili, nikammwagia tena.